Stanley na miti ya Ujiji iliyozungukwa na maji

Maji ya Ziwa Tanganyika yaliyoingia katika nyumba za wakaaji wa Uvira na Kalemie mwaka 2024 hayakuwa ya kwanza kupanda hivyo. Ushahidi mmoja uliachwa na Henry Morton Stanley, yule Bula Matari, mzaliwa wa Wales, 1841.

Mwishoni mwa 1871, akiwa mwandishi wa gazeti la Marekani, alimkuta Livingstone huko Ujiji. Asubuhi walitembea pamoja kwenye mchanga wa ufuko. Aliporudi mwaka 1876, mchanga ule ulikuwa chini ya maji, na miti mitatu ya sokoni ilisimama ndani ya ziwa, kama mita 30 kutoka ukingoni. Alivuka hadi Lukuga, karibu na Kalemie ya leo, akakuta njia ya maji imezibwa na matope na matete. Miaka michache baadaye ilifunguka, ziwa likashuka mita nyingi.

Vituo vya kupimia havikuwapo, kwa hiyo wataalamu wa tabianchi husoma maandishi kama hayo ili kujua mvua za zamani. Stanley alipenda kutia chumvi, na tangu 1879 alimfungulia Léopold II njia ya Kongo, lakini kuhusu miti ile hakuwa na faida ya kudanganya. Alifariki London mwaka 1904.