Boussingault, mutu wa migodi aliyepima chumvi

Walimaji wanamujua Boussingault juu ya mambo ya mbolea. Sisi wa migodi tungepaswa kumujua mbele yao, maana alikuwa mutu wa kazi yetu.

Jean-Baptiste Boussingault alizaliwa Paris mu 1802. Alisomea uchimbaji kule Saint-Étienne, na mu 1822, akiwa na miaka 20, akavuka bahari kwenda Colombia, inchi ya Bolívar. Kule alikaa karibu miaka 10: kufundisha, kupima mawe, kusimamia migodi ya zahabu ya Supía na Marmato.

Mu milima ile aliona jambo la kusumbua roho. Mu kijiji kimoja watu wengi walikuwa na goita, ule uvimbe wa shingo, na batoto wengine walizaliwa viziwi, wasiosema, akili ikibaki nyuma. Mu kijiji kingine, hata mumoja. Yeye mwenyewe alishitaki kwanza maji, na alikosa. Kumbe wenyeji wa Antioquia walikuwa na dawa yao zamani: maji mazito yanayobakia wakichemusha chumvi ya chemchemi. Boussingault akayapima, akakuta ndani iyodi. Fasi watu walikula chumvi ile, shingo zilikuwa salama. Akaandika kwamba wakubwa wagawanye chumvi ya namna ile ku watu wote.

Hawakumusikiliza. Akarudi Ufaransa mu 1832, akashika mambo ya kilimo, akafa Paris mu 1887. Uswisi ilianza kutia iyodi mu chumvi mu 1922 tu. Hebu tuhesabu batoto waliozaliwa katikati.

Juu iyodi haingoji. Tezi ya shingo inaitumia kutengeneza kitu kinachojenga ubongo wa mutoto, tangu akiwa mu tumbo. Mama akiikosa sana, mutoto anaweza kuzaliwa na akili iliyopunguka, na kisha hapo hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea. Si uchawi, si kosa la bibi.

Hata kwetu Congo iliuma, ku kisiwa cha Idjwi na mu Ubangi. Mu Ubangi muhogo usiolowekwa vizuri ulizidisha ubaya, maana sumu yake inazuia iyodi kuingia mu tezi. Mu miaka ya 1970 waganga walipiga bamama wenye mimba shindano ya mafuta yenye iyodi. Leo inatoshea chumvi yenye iyodi, iliyofunikwa vizuri, mbali na jua na unyevu.