FRED WHIPPLE: MZEE ALIYEFUATILIA VYUMA VYA ANGANI

Mwaka huu nimeshika kalamu niwasimulie maisha ya marehemu Fred Lawrence Whipple. Najua wengine wenu mtaguna mkisema hayo ni mambo ya Wazungu na pesa zao. Tulieni kidogo. Mambo yenyewe yanatuhusu hata sisi wa Homa Bay na Migori.

Ukisimama ufuoni Mbita au Muhuru Bay mara tu giza linapoingia, wakati wavuvi wa omena wanawasha taa zao, inua macho juu. Usipokuwa na haraka utaona nyota moja inatembea taratibu, haina mlio wala haipepesi. Huyo si mchawi, na wala si ndege. Ni setilaiti, ama kipande cha roketi iliyokufa zamani. Hapo chini ulipo jua limetua, lakini huko juu bado linakimulika chuma hicho, ndiyo maana unakiona.

Vyuma hivi haviishii juu daima. Tarehe 30 Desemba 2024 pete kubwa ya chuma ilianguka kijijini Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema kipenyo chake ni kama mita 2.5 na uzito wake kama kilo 500. Bahati nzuri hakuna aliyeumia. Mimi niliposikia habari hiyo nilijiuliza: je, kuna mtu anayevihesabu vyuma hivi? Kutafuta jibu ndiko kulikonifikisha kwa Mzee Whipple.

Whipple alizaliwa tarehe 5 Novemba 1906 huko Red Oak, jimbo la Iowa, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima, kama wazazi wa wengi wetu. Baadaye familia ilihamia California. Kijana alipenda tenisi kupindukia na alitamani kuwa bingwa, lakini ugonjwa wa polio ulimzimia ndoto hiyo. Basi akageukia vitabu. Alisoma hesabu mpaka akahitimu mwaka 1927, kisha akasomea elimu ya nyota na kupata shahada ya udaktari mwaka 1931. Akiwa bado mwanafunzi alishiriki kupiga hesabu za njia ya Pluto, ambayo ilikuwa imegunduliwa mwaka 1930. Jamaa hakuwa mchezo!

Mwaka huo wa 1931 aliajiriwa Chuo Kikuu cha Harvard. Kazi yake mojawapo ilikuwa kukagua picha za anga zilizopigwa kwenye vioo, maelfu kwa maelfu, kimoja baada ya kingine. Kazi ya kuchosha macho! Lakini mvumilivu hula mbivu. Kwa kukagua huko aligundua nyota sita zenye mkia. Mwaka 1950 alieleza kwamba kiini cha nyota ya namna hiyo ni donge la barafu lililochanganyika na vumbi. Mwaka 1986 chombo Giotto kilipopita karibu na nyota ya Halley, ilidhihirika kwamba mzee alisema kweli.

Sasa nije kwenye kiini cha habari yangu. Katika miaka ya 1950 Marekani na Urusi zilitangaza kwamba zingerusha setilaiti. Watu wengi walishughulika na jinsi ya kuirusha. Whipple yeye aliuliza: ikisharuka, nani ataiona, na tutajuaje iko wapi? Mwaka 1955 alikuwa amefanywa mkurugenzi wa kituo cha elimu ya nyota cha Smithsonian, akatumia cheo hicho kutafuta jibu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa kamera kubwa za darubini zilizoitwa Baker-Nunn, kila moja ikiwa na uzito wa tani kadhaa. Kumi na mbili ziliwekwa sehemu mbalimbali za dunia, kuanzia Peru hadi India na Afrika Kusini. Baadaye moja iliwekwa Ethiopia, jirani yetu. Kamera ikifuata nyota, nyota hutokea kwenye picha kama nukta, nacho chuma kinachopita huchora mstari. Ukijua mstari uko karibu na nyota zipi, na saa kamili ya kupigwa picha, unaweza kupiga hesabu na kujua chuma kitapita wapi kesho. Kamera hizo ziliweza kuiona hata Vanguard 1, kijisetilaiti kidogo kuliko mpira wa miguu, kikiwa zaidi ya kilomita 3,000. Kilirushwa mwaka 1958, kikanyamaza mwaka 1964, na hadi leo kingali kinazunguka bure kama mzururaji.

Njia ya pili ndiyo inayonifurahisha zaidi. Aliita watu wa kawaida: walimu, wanafunzi, akina mama wa nyumbani, mafundi. Mpango huo uliitwa Moonwatch. Walikaa safu moja usiku, kila mtu na darubini yake ndogo, kila mmoja akilinda kipande chake cha anga. Chuma kikikatiza, mwenye zamu hupaza sauti na saa huandikwa pale pale. Wakubwa wengine walimcheka, eti raia watajua nini? Sputnik iliporushwa tarehe 4 Oktoba 1957, kamera kubwa zilikuwa bado hazijawa tayari. Raia wale wale ndio waliokuwa tayari! Kazi yao iliendelea hadi mwaka 1975.

Tarehe 5 Septemba 1962 mabaki ya Sputnik 4 yaliporudi duniani, kikundi cha Milwaukee kiliyaona yakiwaka angani. Kipande cha kama kilo 9 kiliangukia barabarani mjini Manitowoc. Polisi wawili walikiona wakadhani ni taka tu za kiwandani, wakakisukuma kando. Baadaye ndipo walipokumbuka na kwenda kukichukua.

Si hayo tu. Tangu mwaka 1947 Whipple alikuwa amependekeza kinga ya vyombo vya angani: bati jembamba linalotangulia mbele ya ukuta wenyewe. Chembe ikija kwa kasi hupiga bati, ikapasuka vumbi, na ukuta ukasalimika. Kinga ya aina hiyo inatumika katika Kituo cha Kimataifa cha Angani. Na inahitajika kweli, maana leo vitu vinavyofuatiliwa kutoka ardhini ni zaidi ya 30,000, na vile vya karibu na dunia hukimbia kama kilomita 28,000 kwa saa.

Mwaka 1963 Rais Kennedy alimtunuku nishani kwa utumishi wake. Alistaafu ukurugenzi mwaka 1973, lakini hakuacha kusoma anga. Alifariki tarehe 30 Agosti 2004 akiwa na umri wa miaka 97.

Wenzangu, nasema wazi: naogopa kwamba pete ile ya Mukuku ingeangukia Rongo au Ndhiwa, ingefika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla chifu hajapata habari! Chuma kama hicho chaweza kuwa na sumu, na pia ni ushahidi wa nani aliyekitupa. Ukikiona, usikiguse. Mwite mkubwa, polisi wajulishwe. Na ukiona nyota inatembea, andika saa, upande ilikotoka na ilikoelekea. Kalamu na saa havihitaji pesa za Wazungu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Whipple kilijazwa na watu kama sisi.

Mungu amlaze mzee mahali pema.