Sanamu ya Kimathi Unaijua, Kaburi Lake Je?

Ukiwa na miadi na beshte katikati ya jiji, mara nyingi mnaambiana mkutane pale kwa Kimathi. Unasimama chini ya sanamu, yeye ameshika bunduki mkono wa kulia na kisu mkono wa kushoto, wewe unabonyeza simu mpaka mwenzako afike. Leo, kabla hajafika, hebu inua macho umwangalie huyo mzee. Tena mzee ni heshima tu. Alinyongwa akiwa na miaka 36.

Dedan Kimathi Waciuri alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 huko Tetu, Nyeri. Babake alikuwa ameshafariki, akalelewa na mamake. Shule alianza kwa kuchelewa, akiwa na miaka kama 15, lakini kichwa kilikuwa chepesi. Alipenda Kiingereza, mashairi na mijadala. Karo ikawa shida, basi akawa anaokota mbegu za miti na kuuzia idara ya misitu ili asome. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliingia jeshi la Mwingereza, ila nidhamu ya kambini haikumkaa na hakudumu. Akafanya kazi hapa na pale, akafundisha Tumutumu, kisha akawa katibu wa tawi la chama cha KAU huko Ol Kalou. Huko Bonde la Ufa aliona kwa macho yake watu waliokuwa vibarua na maskwota kwenye ardhi waliyonyimwa.

Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, Kimathi aliingia msitu wa Nyandarua. Mwaka 1953 viongozi wa wapiganaji walikutana wakaunda baraza la ulinzi, naye akawa mkuu wake. Usidhani alikuwa mtu wa bunduki tu. Alikuwa anaandika barua na kutunza kumbukumbu za mikutano kama karani wa ofisi. Wala usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali kwa watu wake, na kufikia 1955 yeye na Stanley Mathenge walikuwa wametengana.

Vita hivyo vilifika mpaka mtaani kwako. Chakula, dawa na risasi za watu wa msituni zilikuwa zikitoka Nairobi. Ndiyo maana tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi walilizunguka jiji lote, wakawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu. Wengi walipelekwa kuchujwa Lang'ata, hiyo hiyo Lang'ata ya fleti na twiga unayoijua leo, kabla ya kusafirishwa hadi kambi za Manyani na Mackinnon Road. Njia ya chakula na risasi ikakatika, na msitu ukaanza kufa njaa.

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1956 Kimathi alipigwa risasi mguuni akakamatwa. Aliyemfyatulia ni askari Mwafrika, Ndirangu Mau. Kesi ilisikizwa Nyeri, kosa likiwa kupatikana na bastola na risasi. Rufaa zake zilitupwa. Mkewe, Mukami, alikuwa mfungwa Kamiti, na wakaruhusiwa kuonana kabla ya siku yenyewe. Alfajiri ya tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa hapo hapo Kamiti, akazikwa mahali pasipo na alama.

Sasa fikiria hili. Picha inayojulikana zaidi ya Kimathi ni ile amelala kwenye machela, mikono imefungwa pingu. Ilipigwa upande wa waliomkamata. Filamu za habari za Uingereza za miaka hiyo nazo zilionyesha Mau Mau kama majambazi wa porini tu. Wewe ukiziona leo kwenye simu, ni historia, unasogeza kidole unaendelea. Lakini kwa aliyekuwa kambini, au kwa mjane wake, ule ni uso anaoutafuta kwenye foleni ya mahabusu. Anataka kujua kama ni fulani yule, ambaye hakurudi.

Hata nchi huru ilichelewa kumtaja. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Sanamu hiyo unayosimama chini yake ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Na mwaka 2023 ikatoka dokumentari, Our Land, Our Freedom, ya Zippy Kimundu na Meena Nanji, inayomfuata Wanjugu, binti yake Mukami, akitafuta mabaki ya Kimathi. Msako wa kaburi moja unamfikisha kwa wapiganaji wa zamani ambao hadi leo hawana ardhi. Mukami mwenyewe alifariki Mei 2023 bila kumzika mumewe.

Ukipanda matatu ya Ngong Road utapita makaburi ya vita. Pale wamelala karibu wanajeshi 2,000 wa Vita Vikuu vya Pili, nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa mstari, majina yamechongwa. Kimathi angekufa akiwa na sare ya Mwingereza, huenda naye angekuwa na jiwe lake. Alikufa akipigana na huyo Mwingereza, na familia bado inauliza alipo.

Kwa hivyo siku runinga ya nyumbani ikionyesha dokumentari ya vita hivyo, usiangalie skrini peke yake. Mwangalie guka au shosho aliyekaa kwenye kochi. Akinyamaza, akiinuka ghafla aende jikoni, kuna kitu amekiona. Huenda nduguye alikuwa msituni. Huenda babake alikuwa homugadi na hajawahi kumwambia mtu. Usimhoji kama polisi. Mpelekee chai, kaa naye, muulize jina la mtu mmoja tu aliyemkumbuka. Liandike. Waliopigana vita hivyo wanazidi kupungua, na majina yao mengi hayapo kwenye jiwe lolote.

Haya, beshte yako amefika. Mwonyeshe Kimathi kabla hamjaondoka.