Habib Saleh na Darsa la Langoni

Ukipita hapa kwetu Bombolulu baada ya tarawehe, watukuta vijana tumeketi makundi makundi, kahawa na kaimati katikati. Hebu tazama nani akija watu husogea kumpa nafasi. Kisha tazama nani ameketi pembeni, karibu na viatu. Mara nyingi ni ndugu aliyesilimu juzi, au kijana mpangaji ambaye hakuna amjuaye babake. Ndio sababu mwezi huu mtukufu nimeona nikusimulie habari za Habib Saleh wa Lamu, Allah amrehemu.

Jina lake kamili ni Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilail. Alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, akaja Lamu angali kijana, kwa jamaa zake masharifu, akasoma kwa wanavyuoni wa hapo.

Sasa Lamu ya wakati ule, wajua, ilikuwa mji wa vyeo. Waungwana walikaa Mkomani katika majumba ya mawe. Langoni, upande wa kusini, kulikuwa na nyumba za udongo na makuti, na humo walikaa wageni, maskini na watumwa. Elimu ya dini ilikuwa kama mali ya nyumba kubwa. Mtumwa, kama alifundishwa, alifundishwa kile cha kumtosha kusali, basi.

Habib Saleh alikuwa sharifu, mtu wa kubusiwa mkono. Angeweza kuketi na wakubwa akaheshimiwa mpaka kufa kwake. Yeye akaenda kukaa Langoni. Akafungua darsa, watu wakaketi chini kumzunguka: watumwa na watoto wao, Washihiri maskini waliotoka Hadhramaut kutafuta riziki, yeyote atakaye kusoma. Tena alikuwa tabibu, akiwatibu hao hao aliowasomesha. Na ukiketi na mtu goti kwa goti kila siku, hutangoja kuambiwa ana njaa. Asipokuja, pengo lake laonekana, utauliza yuko wapi.

Maneno hayakukosa. Habib Saleh alileta Maulidi ya Habib Ali al-Habshi wa Seiyun, yakasomwa kwa matari mskitini, na baadhi ya wanavyuoni wa Lamu wakapinga. Nisikufiche, wako masheikh mpaka leo wasioyakubali matari, nami siufungui mjadala huo hapa (tukiufungua, daku litatukuta!). Lakini mimi naona waliochukizwa hawakuchukizwa na matari peke yake. Wengine kilichowauma ni kuona mtumwa wao wa jana akisoma kitabu.

Yeye hakulivunja darsa. Kiasi cha mwaka 1900 ukasimama Mskiti wa Riyadha, hapo hapo Langoni, kwa jina la Riyadha ya Habib Ali kule Seiyun. Sheria ya kuwaacha huru watumwa wa pwani ya Kenya ilikuja 1907. Kwa hivyo serikali ilipowaambia watu hawa wako huru, kwa Habib Saleh walikuwa wameshaketi miaka mingi.

Na hawakuketi kusikiliza tu. Aliyeelewa alimsomesha aliye nyuma yake, kisha akatoka kwenda kusomesha kwengine. Riyadha ikapokea mpaka wanafunzi wa Kipokomo na Kigiriama, na waliosoma hapo wakaeneza madrasa pwani yote hii ya Afrika Mashariki. Mtu ambaye mjini hakuwa na cheo akawa mwalimu wa watu.

Habib Saleh alifariki 1935. Wanawe na wajukuu waliendelea na darsa, na kila mwaka mwezi wa Mfungo Sita Lamu hujaa wageni wa Maulidi ya Riyadha.

Jumamosi baada ya tarawehe tutaketi kuzungumza habari zake zaidi, inshaallah. Njoo na jirani yako mmoja ambaye hajawahi kuketi nasi. Kahawa ipo.