Akii-Bua: Dhahabu ya Olimpiki haikumwokoa na ukimbizi

Waulize vijana wanaokimbia kuzunguka Uwanja wa Gombani, Chake Chake, watakwambia njia namba 1 haina mtu wa kuitamani. Iko ndani kabisa na kona zake ni kali. Ukiwekewa na viunzi vya kuruka, ndiyo balaa zaidi.

Njia hiyo ndiyo aliyopangiwa John Akii-Bua wa Uganda, Septemba 2, 1972, kwenye fainali ya Olimpiki ya mita 400 kuruka viunzi mjini Munich, Ujerumani Magharibi.

Akashinda kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia. Kabla yake hakuna mtu aliyewahi kushuka chini ya sekunde 48. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili, na Muingereza David Hemery, bingwa wa 1968 aliyekuwa na rekodi ya 48.12, akaambulia shaba. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika historia ya Olimpiki.

Akii-Bua alizaliwa Desemba 3, 1949, huko Lango, kaskazini mwa Uganda, kwenye familia ya watoto zaidi ya 40. Utotoni alichunga ng'ombe, baadaye akaingia polisi, na huko ndiko kipaji chake kilikoonekana. Kocha Malcolm Arnold alimfua kwelikweli: alikuwa akifanya mazoezi amevaa fulana yenye uzito wa kilo 11 hivi. Mwaka 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza wa nne. Miaka miwili tu baadaye, dunia nzima ilikuwa nyuma yake.

Nyumbani alipokewa kishujaa. Serikali ya Idi Amin ilimpandisha cheo, ikampa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Lakini alikuwa Mlango, kabila moja na Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, na Walango wengi waliuawa enzi hizo. Medali ilimlinda, ila hakuwa na raha.

Mwaka 1976 alitakiwa kutetea taji lake Montreal. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, zikasusia kwa sababu timu ya ragbi ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Akii-Bua akabaki bila mbio. Mmarekani Edwin Moses akachukua dhahabu na kuivunja rekodi yake.

Mwaka 1979, majeshi ya Tanzania yalipokuwa yakimng'oa Amin, Akii-Bua alikimbilia Kenya na familia yake. Bingwa wa dunia nzima akajikuta kambi ya wakimbizi. Kampuni ya viatu ya Puma ndiyo iliyomsaidia kutoka na kumpeleka Ujerumani, ikampa na kazi. Alikwenda Olimpiki ya Moscow 1980, lakini fainali hakufika. Miaka yake mizuri ilishapita.

Baadaye alirudi Uganda, akawa polisi tena na kocha. Alifariki Juni 20, 1997, akiwa na miaka 47 tu, akazikwa kwa heshima za kitaifa.

Uganda ilisubiri miaka 40 kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, mpaka Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya London 2012.