Verney Cameron, baharia aliyeufikia mlango wa Ziwa Tanganyika

Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2024 na kuingia katika nyumba za watu Uvira hadi bandari ya Kalundu, sehemu ya habari hiyo ilikuwa mbali kusini, Kalemie. Hapo ndipo unapoanzia Lukuga, mto pekee unaotoa maji ziwani. Mzungu wa kwanza kuuchunguza alikuwa Verney Lovett Cameron.

Alizaliwa Julai 1, 1844, karibu na Weymouth, Uingereza, akaingia jeshi la majini akiwa na miaka 13. Mwaka 1873 alitumwa kumpelekea Livingstone msaada. Alipofika Tabora alikutana na Chuma na Susi wakiwa wamebeba maiti ya huyo aliyekuwa akimtafuta. Wenzake wawili walikufa safarini, mmoja alirudi pwani, lakini Cameron akaendelea. Februari 1874 akafika Ujiji.

Wakati huo ziwa lilikuwa fumbo. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858 wakaambiwa kwamba Ruzizi unaingia ziwani. Livingstone na Stanley wakauona kwa macho yao mwaka 1871. Maji yote hayo yalitokea wapi?

Cameron alizunguka upande wa kusini kwa mashua. Mei 1874 aliingia Lukuga akaona maji yakitoka ziwani polepole. Baada ya maili chache mafunjo yalimzuia. Stanley, aliyepita hapo mwaka 1876, alikuta matope na majani yameziba njia, naye hakukubali kwamba mto ulikuwa unatoa maji. Kwa kweli kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya ukweli: mlango ulikuwepo, ila ulikuwa umefungwa. Ziwa lilizidi kujaa nyuma yake, na mwaka 1878 kizuizi kikabomoka.

Cameron hakuwepo kushuhudia. Alikuwa amekwenda Nyangwe, akakosa mitumbwi ya kushuka Lualaba, akasaidiwa na Tippu Tip kupata njia ya kusini. Novemba 1875 alitokea pwani ya Angola, Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya kati kutoka bahari hadi bahari.

Alifariki Machi 1894 kwa kuangushwa na farasi akirudi kuwinda. Kufikia mwaka huo ziwa lilikuwa limeshuka takriban mita 10.