Karl Schmidt, mtu aliyehesabu magamba ya nyoka wa Kongo



Sisi wote wa Nyangwe tunajua namna watu wanavyofanya wakiona nyoka njiani. Mmoja anapiga kelele, wengine wanakimbilia fimbo, na kisha dakika mbili nyoka amekufa. Hakuna anayeuliza jina lake. Leo tusome maisha ya mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kuuliza hilo jina.

Karl Patterson Schmidt alizaliwa tarehe 19 Juni 1890 katika mji wa Lake Forest, karibu na Chicago, huko Marekani. Baba yake alikuwa mwalimu, mtu wa asili ya Ujerumani. Karl alipokuwa kijana, jamaa yake walihamia Wisconsin wakaishi kwa kulima. Baadaye alisoma Cornell, akamaliza mwaka 1916, na mwaka ule ule akapata kazi katika nyumba kubwa ya makumbusho ya wanyama huko New York.

Pale alikuta mali iliyotoka inchi yetu. Kati ya 1909 na 1915 watu wawili, Herbert Lang na James Chapin, walikuwa wametembea kaskazini ya Kongo, kupita Stanleyville (leo Kisangani) mpaka Faradje, wakikusanya wanyama wa kila aina. Wakongo wengi waliwabebea mizigo na kuwakamatia wanyama, lakini majina yao hatuyaoni juu ya jalada la kitabu. Nyoka, kobe, mijusi, vinyonga na vyura walifika New York katika chupa.

Schmidt akapewa kazi ya kuwapanga. Ilikuwa kazi ya uvumilivu. Unachukua nyoka mmoja, unahesabu mistari ya magamba mgongoni, kisha magamba ya tumbo, kisha ya mkia, unatazama meno, unaandika. Halafu unachukua mwingine. Namna hiyo alitoa kitabu juu ya kobe, mamba, mijusi na vinyonga wa Kongo mwaka 1919, na kingine juu ya nyoka mwaka 1923. Vyura waliandikwa na mwenzake, G. K. Noble, mwaka 1924.

Kati ya hawa wanyama Schmidt aliona mamba mdogo wa msitu, akasema ni wa namna ya peke yake, akampa jina la osborni. Wataalamu waliokuja nyuma hawakukubali; walimtia pamoja na mamba wadogo wa Afrika ya magharibi. Ilipita karibu miaka 90. Kisha watu wakapima damu na nyama ya mamba hao kwa njia mpya, wakaona kumbe Schmidt alikuwa na haki: mamba mdogo wa bonde la Kongo si sawa na wale wengine. Jambo hili si la majina tu. Mamba hawa wanawindwa sana, wanauzwa sokoni kwa nyama, na kuwauza inchi za nje kumekatazwa na mapatano ya mataifa. Mnyama asiye na jina lake anaweza kumalizika bila mtu kujua kwamba amepotea.

Mwaka 1922 Schmidt alihamia nyumba ya makumbusho ya Chicago. Tangu 1941 mpaka 1955 alikuwa mkubwa wa idara yote ya wanyama. Alisafiri Amerika ya Kusini na visiwa vya Pasifiki, akawapa majina wanyama zaidi ya 200.

Sasa tufike kwenye mwisho wake. Tarehe 25 Septemba 1957 bustani ya wanyama ya Chicago ilimpelekea nyoka mdogo wa Afrika, wa urefu wa sentimeta 76 hivi, ili aseme jina lake. Alifanana na yule anayeitwa boomslang, maana yake nyoka wa mti. Lakini gamba moja karibu na mkia halikuwa limegawanyika kama ilivyo kawaida, basi wakawa na mashaka. Schmidt alimshika nyuma mno ya kichwa. Nyoka akageuka, akamuuma kidole gumba kwa jino moja tu.

Schmidt alinyonya jeraha, hakuenda kwa munganga. Wakati ule wengi waliwadharau nyoka wenye meno ya sumu nyuma ya mdomo. Alipanda treni kwenda nyumbani, akaandika kila kitu: kichefuchefu, baridi, homa, damu katika fizi, na usiku damu katika mkojo. Asubuhi alikula vizuri, akaona nafuu, hata akafikiri kurudi kazini. Mchana akashindwa kupumua, na mnamo saa tisa akafa. Alikuwa na miaka 67. Waganga walikuta damu imevuja ndani ya mapafu, moyo, figo na ubongo. Maandishi yake yalitolewa na mwenzake mwaka 1958, na mpaka leo yanafundisha namna sumu ile inavyofanya: inazuia damu kuganda, tena polepole, mtu anadhani amepona.

Ndugu, boomslang si nyoka wa mbali. Anaishi katika savana za sehemu kubwa ya Afrika, na Kongo iko ndani ya hesabu. Anakaa mitini, anakula vinyonga na ndege, na akiona mtu anapenda kukimbia. Basi, tusimshike nyoka yeyote, hata mdogo. Aliyeumwa asikate jeraha wala asinyonye. Apelekwe haraka lopitalo, hata kama anasema ni mzima.

Lakini tusiwaue wote juu ya mmoja. Nyoka wengi hawana sumu ya kuua mtu, na wengi wanakula panya wanaomaliza mpunga wetu ghalani. Tukiona nyoka shambani, tusimame mbali, tumwache apite. Kisha turudi darasani tumuulize mwalimu wa biolojia: yule alikuwa nani?